Bendi inapiga, wateja wanaangalia mpira: tufanyeje?

SWALI

Habari za kazi, washauri wetu.

Naongoza bendi ya watu saba hapa Morogoro: gitaa la solo, la ridhimu na besi, dramu, tumba na waimbaji wawili. Tangu mwanzoni mwa mwaka tunapiga kila Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi kwenye baa moja ya wazi yenye paa la bati katikati na meza kama 30. Kiingilio hakuna. Tunaanza saa 2:30 usiku, tunamaliza saa 7.

Tatizo ni wateja. Hawatuzomei wala hawatutukani, ila ni kama hatupo. Wengine wanatupa mgongo wakiangalia mpira kwenye televisheni iliyo juu ya kaunta, wengine wanaongea kwa sauti kumzidi mwimbaji. Wimbo ukiisha, kimya. Tukiongeza sauti wanahamia meza za nyuma, kule kwenye jiko la nyama choma, mbele panabaki viti vitupu. Mpiga solo kila wiki anapandisha amplifaya, anasema hajisikii. Mwimbaji wetu mkubwa ameanza kuwasema wateja kwenye maiki, na Jumamosi iliyopita mteja mmoja alimjibu vibaya. Nyimbo zetu wenyewe tunazo sita na ndizo tunazofungulia kila usiku, lakini ndipo watu wanaposhika simu zao. Tukienda kupumzika, DJ wa baa anaweka muziki wake na watu walewale wanasimama kucheza. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mwenye baa ameniambia hali ikiwa hivi mwezi ujao atabaki na DJ peke yake. Nianzie wapi? Na je, kuna wakati wa kukubali kwamba baa fulani haifai bendi?

Kiongozi wa bendi, Morogoro

JIBU

Ndugu yetu, pole na kazi. Tuanze na hilo linalokuuma, maana ndani yake mna habari njema. Watu wanaosimama DJ akiweka muziki ndio haohao waliokuwa wamekaa ninyi mkipiga. Hamu ya kucheza wanayo, na mahali pa kuchezea wanapaona. DJ anawapa vitu vitatu ambavyo kwenu kwa sasa havipo: maneno yanasikika, nyimbo wanazijua, na kati ya wimbo na wimbo hakuna pengo. Vyote vitatu mnaweza kuvipata bila kununua chombo kipya.

Kwanza jambo moja kuhusu kazi yenyewe. Dansi tuliyorithi ilikulia kwenye kumbi za kiingilio. Wanamuziki wa NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, walikuwa waajiriwa wa chama cha wafanyakazi, na aliyelipa mlangoni alikuwa amekuja kwa ajili yao. Alisubiri kwa raha dakika tano za uimbaji wa taratibu mpaka chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, liingie. Mteja wenu amekuja kwa bia, kwa nyama na kwa rafiki zake. Hana deni lolote na bendi. Mkilishika hilo, mambo mengi mnayoyaona kama dharau yatageuka kuwa mambo ya kupanga tu: saa, sauti, mahali pa kukaa, mfuatano wa nyimbo.

Sauti ndiyo ya kwanza, na hapa tutakaa kidogo. Muziki ukipanda, mtu hupaza sauti ili mwenzake amsikie. Mwili hufanya hivyo wenyewe bila yeye kuamua. Nanyi mkisikia makelele mnaongeza, nao wanaongeza, mpaka wanachoka na kuhamia kwenye jiko la nyama. Pakueni kwenye simu programu ya bure ya kupima desibeli, yaani ukubwa wa sauti. Haitakuwa sahihi kabisa, lakini inatosha kulinganisha usiku huu na ule. Saa 2, kabla hamjagusa chombo, kaa meza ya katikati upime kelele za watu wenyewe. Tuseme umekuta 72. Seti ya kwanza isizidi desibeli tano au sita juu ya hapo, ukipimia mezani. Seti ya pili ifike 85. Ya mwisho, watu wakiwa wamesimama, 90 hivi mbele ya jukwaa panatosha kabisa kwa baa. Kipimo kinachotumika sana kulinda masikio ya wafanyakazi ni 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka desibeli tatu muda huo hukatwa nusu, kwa hiyo kwenye 94 umebakiwa na saa moja. Ninyi mko karibu na spika kuliko mteja yeyote, usiku tatu kila wiki. Masikio ya wanamuziki wako ni mtaji wa bendi.

Simu ikiisha chaji, kuna kipimo kingine: mtazame mhudumu anapochukua oda kwenye meza ya mbele. Akilazimika kuinamia sikio la mteja ili amsikie, mmezidi.

Dramu haina kitufe cha kupunguza, na ndiyo inayowapandisha wengine wote. Kunja kitambaa cha jikoni mara mbili, kilaze juu ya robo ya snea (ile ngoma ndogo yenye mlio mkali) upande wa mbali na mpigaji, kibane kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Ndani ya ngoma ya mguu tia blanketi kuukuu liguse ngozi zote mbili. Seti ya kwanza apige kwa brashi, au kwa vile vijiti vyembamba vilivyofungwa pamoja. Fimbo za kawaida zisubiri seti ya pili. Tumba itasikika ghafla, na utashangaa ni kiasi gani cha mdundo wenu kilikuwa kimefunikwa na simbali.

Sasa mpiga solo. Anaposema hajisikii, anasema kweli. Angalia amplifaya yake ilipo: kwa kawaida iko chini sakafuni, hatua moja nyuma yake. Spika ya gitaa hupeleka sauti kali mbele kama tochi, na pale inamulika ndama za miguu yake. Masikio yake yako juu ya mwanga huo. Mteja wa meza ya tano yuko katikati yake. Chukua kreti tupu la bia, weka amplifaya juu yake, iegemeze nyuma kidogo ili spika imtazame usoni. Apige vilevile alivyozoea. Ndani ya wimbo mmoja ataipunguza mwenyewe, na huo ugomvi wa kila wiki utakuwa umekwisha. Fanya hivyo kwa ridhimu pia.

Waimbaji ndio roho ya dansi ya Kiswahili. Msikilizaji wetu hufuata maneno: nani kamkosea nani, fumbo limemlenga nani. Maneno yakipotea, nusu ya wimbo imepotea, hata solo lingekuwa tamu namna gani. Kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, bonyeza kile kitufe cha kukata besi kwenye kila maiki ya kuimbia, chenye alama ya 80 au 100 (hezi, kipimo cha unene na wembamba wa sauti). Punguza desibeli tatu kwenye eneo la hezi 250 hadi 400, ndiko unakokaa ule mvumo wa sauti ya ndani ya pipa. Ongeza mbili tu kwenye hezi 3,000 hivi, ambako herufi kama t na k zinapata ncha. Kisha gitaa la ridhimu lipunguzwe palepale kwenye 3,000 ili lisigombanie nafasi na mwimbaji. Midomo iwe vidole viwili kutoka kwenye maiki, na asiifumbate kichwa kwa kiganja. Maiki za kuimbia nyingi zimetengenezwa zisikie mbele na zipuuze nyuma. Ukiziba wavu kwa mkono zinasikia kila upande, na ndipo zinapoanza kulia.

Halafu eko. Tunajua inavyopendwa, lakini chini ya bati eko ipo tayari, bure, na hamuwezi kuizima. Mkiongeza ya mashine, silabi moja inaikanyaga nyingine na mteja anasikia kelele tupu. Ipunguzeni mpaka mwimbaji alalamike kidogo, na izimwe kabisa anapoongea na watu.

Spika kubwa zisiwe sakafuni. Zipandishwe kwenye stendi mpaka tundu la juu, linalotoa sauti nyembamba, liwe mita 1.8 hadi 2 kutoka chini, yaani juu ya vichwa. Miili ya watu hunywa sauti nyembamba, ndiyo maana spika ya chini husikika vizuri mstari wa mbele na huwa mvumo mtupu nyuma. Zisimame mbele ya mstari wa maiki, zielekee watu, ziinamishwe kidogo ili zisipige bati. Kaunta isielekezwe spika hata moja: pale mtu anaagiza, anahesabu chenji, anahitaji kusikilizana. Na mwenye baa amesimama palepale akiwapima.

Kabla ya saa 2 sogezeni meza. Eneo la kuchezea likiwa kubwa na tupu, hakuna atakayelivuka peke yake. Mita nne kwa nne zinatosha. Meza za kwanza zianzie hapo, zimeshikana. Taa ya tyubu iliyo juu ya eneo hilo zimeni, taa zibaki jukwaani. Hakuna mtu mzima anayependa kuwa wa kwanza kucheza mbele ya wakwe na majirani akiwa ameanikwa kwenye mwanga mweupe.

Turudi kwa makofi, maana tunadhani hamjui kwa nini hayaji. Jirekodini kwa simu muone nyimbo zenu zinavyoisha. Bendi nyingi huacha chemko likififia: solo linaacha, tumba inaendelea, mwimbaji anasema neno, dramu inagonga mara mbili za mwisho. Msikilizaji hajui kama umeisha, na mtu hapigi makofi kwa kubahatisha. Wote saba malizieni kwa pigo moja, kiongozi akiinua mkono pau mbili (mizunguko miwili ya mdundo) kabla, kisha simameni kimya kwa pumzi moja mkiwatazama watu. Makofi yataanza, hata kama ni ya meza mbili. Fanyeni zoezi la miisho peke yake, saa nzima, bila kupiga katikati ya wimbo. Ni zoezi linalochosha, lakini hakuna linalolipa haraka kuliko hilo.

Baada ya makofi, wimbo unaofuata uwe umeanza ndani ya sekunde kumi. Orodha iandikwe kwa kalamu nene kwenye boksi, mbele ya kila mmoja, na ufunguo wa kila wimbo (noti ya msingi unaopigiwa) ubavuni. Panga nyimbo mbilimbili za ufunguo mmoja ili tumba na dramu ziunganishe bila kusimama. Kurekebisha nyuzi kufanyike kimya kwa kile kifaa cha kubana kwenye kichwa cha gitaa, si kwa spika.

Nyimbo zenyewe. Kufungua usiku kwa nyimbo zenu sita ndilo kosa kubwa kuliko yote uliyotuandikia, na tunalisema kwa upendo kwa sababu tunataka nyimbo hizo ziishi. Katika kila kumi, ziwe sita za zilipendwa, mbili za vijana zinazovuma sasa mlizozigeuza kuwa rumba, na mbili zenu. Mko kwenye mji wa Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe; kwenye meza 30 hawakosekani watu wanaozijua nyimbo za hao wawili kwa moyo. Kopi hizo zipigwe kwa heshima, sauti za pamoja zikiwa zimepangwa sawasawa. Mkizipiga ovyo, wazee watawageuzia mgongo na hawatageuka tena. Wimbo wenu uingie wa nne, mara baada ya unaopendwa sana, ukiwa na utambulisho wa sentensi moja, bila "tunaomba mtuvumilie". Chagueni mmoja kati ya sita, upigwe mara mbili kila usiku kwa mwezi mzima. Mtu hupenda anachokitambua, na hawezi kutambua wimbo aliousikia mara moja akiwa anakula.

Zifupisheni pia. Kabla ya saa 4 kila wimbo dakika nne hadi tano: anzeni na kiitikio chenyewe, ubeti mmoja au miwili, kisha chemko fupi. Zile za dakika kumi wekeni baada ya saa 5, watu wakiwa wamesimama. Hapo chemko refu ndilo wanalolitaka.

Kuhusu mpira, msishindane nao. Mechi ya mwisho ya Jumamosi ya ligi ya Uingereza mara nyingi huanza saa 11:30 jioni kwa saa za kule. Kwetu hiyo ni saa 1:30 usiku miezi ambayo wao wamesogeza saa mbele, na saa 2:30 usiku kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi mwishoni mwa Machi. Ukihesabu mapumziko na dakika za nyongeza, ni karibu saa mbili kasoro dakika tano, kwa hiyo iliyoanza 2:30 inaisha kama 4:25. Mkianza 2:30 mmejitupa katikati yake. Pangeni ratiba ya mwezi na mwenye baa mkiwa na ratiba ya mechi mkononi. Usiku wa mechi kubwa pigeni nyimbo tatu fupi wakati wa mapumziko, bila maneno, kisha nyamazeni mpaka filimbi ya mwisho. Siku ya Simba na Yanga, wapeni watu dakika 15 za kubishana kwanza. Na ombi moja lisilo na mjadala kwa mwenye baa: bendi ikianza, picha ya televisheni ibaki ikitakiwa, lakini sauti yake izimwe.

Mapumziko yenu yasizidi dakika 15. Mkubaliane na DJ kwamba atapitia kwenye mikisa yenu na kwamba sauti yake haitazidi mliyoachia. DJ akipanda juu ya bendi, mtakaporudi mtasikika kama redio ndogo hata mkipiga vizuri namna gani. Mwombeni pia wimbo wake wa mwisho uwe wa mwendo wa wimbo wenu wa kwanza, ili tumba iingie juu yake na aliyesimama asikae.

Mwimbaji wako aache kuwasema watu kuanzia Alhamisi hii. "Morogoro mpo?" ikirudiwa mara tatu inamkumbusha kila mtu kwamba hakuna kinachoendelea. Badala yake atafute meza moja. Kila usiku kuna moja: mtu anagonga glasi kwa kidole, mama anaimba kiitikio bila sauti, kijana anatikisa goti chini ya meza. Aimbe akiielekea hiyo, seti nzima ikibidi. Wahudumu watamsaidia kuliko mtu yeyote, maana wanajua nani ana siku ya kuzaliwa na nani ametoka safari. Tengenezeni karatasi ya nyimbo 30, iwekwe kila meza pamoja na vipande vya kuandikia maombi, mhudumu azilete jukwaani. Tahadhari moja kwenye salamu: jina la mteja lisitajwe kabla mhudumu hajamuuliza. Wapo waliokaa pale ambao nyumbani wanajulikana wako kikaoni.

Mtu akija kutunza, mwimbaji ashukuru kwa kuinamisha kichwa na aendelee kuimba. Mgawo wa fedha hizo mkubaliane mchana, kwa maandishi. Bendi nyingi zimevunjikia hapo.

Umeuliza kama kuna baa isiyofaa bendi. Ipo. Mwenye baa akikataa kuzima sauti ya televisheni, au akikataa kutoa hata mita nne za kuchezea, msipoteze mwezi mwingine. Akikubali yote mawili, ombeni wiki nne. Yeye hapimi makofi, anapima mauzo ya kaunta na jiko. Kwa hiyo kabla hamjabadilisha chochote, mwombe mauzo ya kuanzia saa 2:30 usiku hadi saa 7 ya Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi za wiki nne zilizopita, na ya Jumatano kama usiku usio na bendi. Yaandike kwenye daftari akiwa amekaa nawe, muda uleule uandikwe kwa wiki nne zijazo. Fanya hivyo kabla ya Alhamisi hii. Mkishaanza kubadilika kila mmoja atayakumbuka ya zamani anavyotaka.